Kutengeneza esta maabarani: testitubu, rifluksi au anhidridi?

Anayetaka kutengeneza esta, yaani kile kinachozaliwa asidi ikiungana na alkoholi, hapa Nairobi, awe mwalimu wa kidato cha nne, mwanafunzi wa diploma au mlezi wa klabu ya sayansi, kwa kawaida huanza kwa kuuliza njia. Mimi ningemwomba aanze kwa kuuliza esta. Vitabu vingi vya shule vinaanza na ethili asetati kwa sababu ethanoli na asidi ya asetiki hupatikana kila mahali. Kwa kunusa tu, haina neno. Lakini ukitaka kuipata ikiwa safi ndani ya chupa, na kuipima, hiyo ndiyo esta ngumu kuanzia. Sababu zake nitazieleza hapa chini, na mojawapo inahusu mwinuko wa mji wetu.

Kwanza tukubaliane tunalinganisha nini. Asidi na alkoholi zikikutana hutoa esta na maji, na esta na maji zikikutana hurudi kuwa asidi na alkoholi. Mambo hayo mawili hutokea kwa pamoja hadi yanapolingana kasi, na hapo mchanganyiko hutulia hata ukiuchemsha wiki nzima. Marcellin Berthelot na Léon Péan de Saint-Gilles walilipima jambo hili Ufaransa mapema katika miaka ya 1860. Kwa asidi ya asetiki na ethanoli, namba ya msawazo, ile inayoonyesha mchanganyiko unatulia wapi, ni karibu 4. Maana yake ni kwamba ukichanganya moli moja kwa moli moja (moli ni kipimo cha idadi ya molekuli), theluthi mbili tu ndizo zitakazogeuka kuwa esta. Ukiweka moli tatu za kimoja kwa moli moja ya kingine, kile kilicho kichache hugeuka kwa karibu asilimia 90. Ukiweka kumi kwa moja, asilimia 97.

Kwa hiyo adui ni maji, na kila njia nitakayoitaja hapa inatofautiana na nyingine kwa jinsi inavyoyashughulikia. Testitubu haiyajali. Rifluksi, yaani kuchemsha huku mvuke ukirudishwa chupani, huyazidi nguvu. Anhidridi, yaani asidi iliyokwisha kutolewa maji, haiyatoi kabisa. Hiki ndicho kipimo ninachokitumia kuchagua, na nimeona kinasaidia kuliko kuangalia bei peke yake.

Hapo hapo ndipo siki ya dukani inaposhindwa. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeuliza kwa nini asitumie siki ya jikoni, kwani si ni asidi ile ile ya asetiki? Ni ile ile, lakini siki ina asidi karibu asilimia 5, na kinachobaki ni maji. Kwa kila molekuli moja ya asidi kuna zaidi ya 60 za maji. Mchanganyiko huo umeshaelemea upande usiotakiwa kabla hujawasha moto. Spiriti ya rangi ya zambarau nayo iacheni. Ina methanoli na rangi ndani yake, na harufu yake hufunika ile unayoitafuta.

Testitubu: kwa pua tu

Hii ndiyo njia ya darasani. Mililita moja ya alkoholi, mililita moja ya asidi ya asetiki isiyo na maji, matone mawili au matatu ya asidi ya salfuriki kali, kisha testitubu husimamishwa ndani ya bika la maji ya moto kwa dakika tano hivi. Moto uzimwe kabla ya kufungua chupa ya ethanoli, kwa sababu mvuke wake hushika moto haraka. Maji yachemshwe kwanza, burner izimwe, ndipo viungo vitolewe.

Wengi hukosea mwishoni. Wananusa moja kwa moja kwenye mdomo wa testitubu, wanapigwa na ukali wa asidi, wanasema hawajapata kitu. Mimina mchanganyiko ndani ya bika lenye maji ya magadi. Utaona povu linapanda, asidi inaondolewa, na juu ya maji kunabaki utando mwembamba wenye mafuta kidogo. Sasa pepea kwa kiganja ulete harufu puani. Kama ulitumia isoamili alkoholi, ni ndizi zilizoiva kupita kiasi. Kama ni ethanoli, ni harufu ya kiondoa rangi ya kucha, ile inayokupokea ukiingia kwenye saluni. Kama ulitumia asidi ya salisiliki na methanoli, darasa zima litasema "dawa ya kuchua", na hawajakosea, kwa maana methili salisileti ndiyo hiyo inayotia harufu kwenye mafuta wanayopakwa wachezaji misuli ikikaza.

Kwa darasa la wanafunzi arobaini wenye vipindi viwili vilivyoungana, yaani dakika 80, sioni njia nyingine ya busara. Kemikali zinazotumika ni kidogo, kila kundi linajaribu alkoholi yake, na taka ni chache. Kama una nafasi ya alkoholi moja tu ya ziada mbali na ethanoli, nunua isoamili. Tofauti ya harufu kabla na baada ni kubwa mno: alkoholi yenyewe hukaba koo na kukohoza, kisha dakika tano baadaye ni ndizi. Mwanafunzi aliyeona hivyo hasahau kwamba kitu kipya kimezaliwa. Methanoli, kwa upande mwingine, ashike mwalimu mwenyewe. Nchi hii imezika watu wengi kwa pombe iliyotiwa methanoli, na si kemikali ya kuzungushwa darasani bila ulinzi.

Lakini testitubu haikupi esta ya kupima. Huwezi kusema umepata gramu ngapi wala asilimia ngapi. Anayetaka hivyo lazima aende rifluksi.

Rifluksi: kazi ya saa moja, na chupa yenye kitu ndani

Emil Fischer na Arthur Speier waliichapisha mwaka 1895, na mpaka leo ndiyo njia ya kwanza anayofundishwa mtu wa kemia chuoni. Unachemsha asidi na alkoholi pamoja na kichocheo cha asidi kali katika chupa ya mviringo, juu yake imesimama kondensa, bomba la kupozea mvuke. Mvuke unapanda, unapoa, unadondoka tena ndani. Hakuna kinachopotea, na unaweza kuchemsha saa nzima.

Hapa ndipo ninaporudi kwenye uchaguzi wa esta, maana ethili asetati na isoamili asetati zikiwekwa kando kwa kando, tofauti ni kubwa.

Ethili asetati huchemka nyuzi 77 kwenye usawa wa bahari, ethanoli 78. Zimekaribiana kiasi kwamba ukikeneka, yaani ukichemsha na kukusanya mvuke uliopoa, huwezi kuzitenganisha, na tena zikiwa pamoja na maji hutengeneza mchanganyiko unaochemka kama kitu kimoja kwenye nyuzi 70. Itabidi uoshe kwa maji ya kalsiamu kloridi ili kunasa ethanoli. Na kila ukiosha unapoteza, kwa kuwa mililita 100 za maji hubeba karibu gramu 8 za esta hiyo. Isoamili asetati huchemka nyuzi 142, na mililita 100 za maji haziwezi kubeba zaidi ya robo gramu hivi. Unaiosha bila hofu.

Halafu kuna Nairobi yenyewe. Tuko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na maji yetu huchemka karibu nyuzi 94 au 95. Kila kitu kingine nacho huchemka mapema. Kitabu kilichoandikwa Uingereza kinasema kusanya ethili asetati kati ya nyuzi 74 na 79. Hapa kwetu itaanza kutoka karibu nyuzi 71, na mwanafunzi anayefuata kitabu neno kwa neno ataimwaga bidhaa yake akidhani ni uchafu wa mwanzo, halafu akusanye mabaki. Isoamili asetati nayo hushuka hadi karibu nyuzi 135. Tofauti ni kwamba hapo haina jirani wa karibu wa kukuchanganya, ilimradi alkoholi yote imekwisha tumika. Kwa hiyo andika kwenye daftari la maabara namba za Nairobi, si za kitabu. Anayefanyia Mombasa afuate kitabu.

Kipimo kinachofaa: mililita 20 za isoamili alkoholi, mililita 28 za asidi ya asetiki isiyo na maji, mililita 4 za asidi ya salfuriki kali zikitiwa polepole huku ukizungusha chupa, na vijiwe vya kuchemshia viwili vitatu. Hapo asidi iko zaidi ya mara mbili na nusu ya alkoholi kwa moli. Kwa nini tuzidishe asidi na si alkoholi? Kwa sababu asidi inayobaki inaoshwa na maji ya bikaboneti ya sodiamu, ilhali alkoholi inayobaki, ambayo huchemka nyuzi 131, ingekuja na esta yako hadi kwenye chupa ya mwisho. Kanuni ni hiyo kwa esta yoyote: zidisha kile utakachoweza kukiondoa kirahisi. Ukitengeneza methili benzoeti mambo yanageuka, kwa kuwa asidi ya benzoiki ni unga na methanoli ni rahisi kuifukuza, basi methanoli ndiyo inayozidishwa.

Chemsha saa moja, acha ipoe. Kama kengele imelia, unaweza kufunga chupa na kuendelea kipindi kijacho, hakuna kitakachoharibika.

Kuosha kunataka mkono ulio makini. Mimina kwenye faneli ya kutenganishia pamoja na maji baridi mililita 50, tikisa kwa upole, acha zitengane, toa tabaka la chini. Rudia maji mara moja tena kabla ya bikaboneti, la sivyo gesi itakuwa nyingi mno. Ukiweka bikaboneti, usifunge kifuniko mara moja. Zungusha kwanza faneli ikiwa wazi mpaka mlio wa gesi upungue, kisha funga, pindua juu chini, na fungua koki mara hiyo hiyo ukiielekeza mbali na watu. Utasikia inapumua kwa nguvu. Rudia mpaka isipumue tena. Anayesahau koki hurushiwa kifuniko, na esta hubaki kwenye meza.

Usitupe tabaka lolote kabla ya kuhakikisha. Isoamili asetati ni nyepesi kuliko maji, inakaa juu. Methili salisileti na methili benzoeti ni nzito, zinakaa chini, na wengi wamezimwaga kwenye sinki kwa mazoea. Dondosha tone la maji uone linaungana na tabaka gani.

Ikaushe esta kwa sodiamu salfeti isiyo na maji, ikeneke, na ukusanye kinachotoka karibu na nyuzi 133 hadi 136. Kwa kipimo hicho, alkoholi yote ikigeuka ungepata gramu 24. Msawazo wenyewe unaruhusu karibu asilimia 89, na kuosha na kukeneka kunachukua sehemu yake. Ukibaki na gramu 15 hadi 18 umefanya kazi nzuri.

Maji ya kondensa ni suala la kweli hapa mjini, hasa mitaa yenye mgao. Kondensa iliyounganishwa na bomba huchuruzisha maji saa nzima, na yakikatika katikati mvuke unatoka nje. Suluhisho ni ndoo ya maji yenye barafu na pampu ndogo ya tangi la samaki, maji yazunguke yale yale. Kwa isoamili inatosha kabisa. Kwa ethili asetati inayochemka chini zaidi, itabidi uongeze barafu mara kwa mara, na mvuke wake hushika moto hata pakiwa na baridi. Hata hapo isoamili inashinda.

Jambo moja dogo kwa wenye mizinga. Isoamili asetati ndiyo sehemu kubwa ya harufu ya kutahadharisha inayotolewa na nyuki wa asali anapouma, ile inayowaita wenzake waje. Nyuki wetu si wapole. Shule zenye mizinga nyuma ya uwanja zisikaushie vyombo vya jaribio hili karibu nayo, wala mtu asiende kurina akiwa bado na koti la maabara.

Anhidridi: usipotaka maji yawepo kabisa

Mwaka 1938 Irving Roberts na Harold Urey walitumia methanoli yenye oksijeni nzito, wakaifanya esta na asidi ya benzoiki, na kuonyesha kwamba ile oksijeni ya alkoholi inabaki ndani ya esta. Maji yanayotoka yanachukua oksijeni yake kwa asidi. Ukishalijua hilo, unaona mantiki ya anhidridi: ni molekuli mbili za asidi zilizokwisha kutoa maji yao kabla hazijafika mezani kwako. Ikikutana na alkoholi, inatoa esta na asidi, hakuna maji, hakuna kurudi nyuma. Huhitaji kuzidisha kitu mara tatu. Mara nyingi joto la wastani na nusu saa vinatosha.

Aspirini ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Felix Hoffmann wa Bayer aliitengeneza ikiwa safi mwaka 1897, na bado njia ya maabara ni asidi ya salisiliki na anhidridi ya asetiki, matone machache ya asidi kali, na maji ya moto ya nyuzi 50 au 60. Hapo rifluksi ya Fischer haifai, kwa sababu kundi la hidroksili (OH) linalofungwa limeshikamana na pete ya benzini, na haliungani vizuri na asidi ya kawaida. Basi kama alkoholi yako kwa kweli ni fenoli, yaani ya aina hiyo, swali limeisha: anhidridi.

Chagua anhidridi pia kama alkoholi ni ya thamani. Viwavijeshi vamizi vilivyoingia mashamba ya mahindi ya Kenya mwaka 2017 vina harufu ya jike kuita dume, na sehemu yake kubwa ni esta, asetati ya alkoholi ndefu ya kaboni 14 yenye kifungo maradufu kimoja. Mitego ya kuwanasa madume hutegemea harufu hiyo. Mtu aliyehangaika kupata miligramu mia chache za alkoholi hiyo hawezi kukubali theluthi yake ibaki bila kugeuka, wala kuichemsha na asidi ya salfuriki inayoweza kuvuruga kile kifungo. Anaifunga kwa anhidridi taratibu, pamoja na besi kidogo, na anapata karibu yote.

Ubaya wake ni mbili. Nusu ya anhidridi unayoilipia inatoka kama asidi, kwa hiyo kwa esta rahisi kama ya ndizi unatupa pesa. La pili ni la sheria: anhidridi ya asetiki imo kwenye orodha ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 dhidi ya biashara haramu ya dawa za kulevya, kwa kuwa hutumika kutengeneza heroini. Muuzaji mwaminifu atakuuliza barua ya taasisi na matumizi. Anayekuuzia bila kuuliza, ondoka. Na ukiwa nayo, ifungiwe kabatini, kwa sababu mvuke wake huunguza macho na inapokutana na maji huchemka kwa hasira.

Zilizobaki, kwa ufupi

Kloridi za asidi zina kasi kuliko zote na hufanya kazi bila joto, lakini hutoa mvuke wa asidi ya hidrokloriki papo hapo. Bila kabati la kufyonza mvuke linalofanya kazi kweli, si la mapambo, msiziguse. Shule ya sekondari haina haja nazo.

Njia ya Steglich ya mwaka 1978 hutumia kemikali mbili, DCC ya kunasa maji na DMAP ya kuharakisha, katika joto la kawaida la chumba. Ni ya watafiti wenye molekuli dhaifu au alkoholi zilizobanwa, zile ambazo asidi ya salfuriki ingezigeuza kuwa alkeni kabla hazijawa esta. DCC inaweza kusababisha mzio wa ngozi unaokaa maisha yote, na uchafu wake mweupe hufuata bidhaa kila mahali. Kwa mwanafunzi wa shahada ya pili pale Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, sawa. Kwa diploma, hapana.

Kifaa cha Dean na Stark hukusanya maji yanapotoka na kuyapima, nawe unaona kwa macho msawazo ukisogea tone kwa tone. Nakipenda sana kwa butanoli na alkoholi ndefu zaidi. Kwa ethanoli hakifai, maana ethanoli huchanganyika na maji na haitengani kwenye mkono wa kifaa. Chuo chenye kimoja kabatini kitumie kwa butili asetati, na wanafunzi wasome mililita za maji kila dakika kumi. Wakichora grafu yake wataona mstari ukilala pale maji yanapokoma kutoka, na hapo ndipo wazime moto, hata kama saa ya kitabu haijafika.